Mama Anamwita Chiriku

Nyumbani,
Jumanne, 4 Februari

Mdogo wangu Chiriku,

Karatasi hii ikukute mzima, umekula, na vile viatu vyako vya wodini viwe vimeacha kukubana. Sisi huku tupo. Bonge ameota jino. Kijiti hajaota na amekasirika, basi anamng'ata pacha mwenzake kwa ufizi. Mama yuko vilevile. Shemeji yako anakusalimu kutoka kazini kwake, salamu zimepitia kwa watu mpaka zimefika zimechoka.

Naandika kwa mkono kwa sababu simu ni marehemu. Pacha waliiogesha kwenye ndoo ya nepi, tena kwa sabuni, hawakufanya kazi nusunusu. Dereva wa gari la dawa amekubali kutubebea barua kila anapokuja zahanati. Wewe umpe zako akija kupakia hapo hospitalini kwenu. Haongei sana, na bahasha hafungui.

Binti wa jirani ameniambia mwezi ujao mnachagua wodi ya mafunzo ya mwisho, ile ya kukaa muda mrefu, na kwamba wodi utakayokaa ndiyo itakayokupa kazi. Akaniambia na jingine: hospitali yetu ya hapa inafungua kitengo cha wagonjwa wa kiharusi na inatafuta wauguzi waliojifunzia huko. Chiriku, kweli unahitaji niendelee kuandika?

Nitaendelea. Unajua tangu Mama aanguke mdomo wake umebaki na neno moja tu, na neno lenyewe ni wewe. Nikifungua dirisha asubuhi, "Chiriku." Nikimgeuza ubavu, "Chiriku." Nikimlisha uji anaumeza vizuri, ananitazama, halafu, "Chiriku." Namwambia, hayupo Mama, yuko masomoni, atakuja. Basi anapiga ubao wa kitanda kwa ule mkono uliobaki mzima, pa, pa, pa, mpaka pacha wanaamka wote wawili na mimi naanza siku upya.

Kutwa nashinda natangaza kwamba hupo. Mimi niliyepo sitajwi.

Shemeji yako sasa ameajiriwa kabisa kule kiwandani. Anataka tumfuate. Nimemwambia subiri. Nimemwambia mara nyingi mpaka siku hizi hata haulizi, na hilo la kutouliza ndilo linanitisha. Nitamhamishaje Mama wakati anamsubiri mtu katika nyumba hii hii? Mtu mwenyewe akija siku moja akute kitanda kitupu?

Chagua kiharusi. Ukihitimu uje ukae na mama anayekuita, na mimi niende kwa mume wangu pacha wakiwa bado wanaikumbuka sura yake. Siandiki kwa ukali. Naandika kwa kuchoka.

Dada yako

*

Hosteli ya wanafunzi,
Jumatano, 12 Februari

Dada yangu,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nimesimama kwenye foleni ya bafu, nikapoteza nafasi yangu, nikaisoma tena. Mimi ni mzima wa mwili. Kijiti mwambie jino litakuja, asimmalize mwenzake. Mama umbusu kwenye paji la uso, ule upande anaohisi.

Ni kweli tunachagua mwishoni mwa Machi. Kabla ya hapo kila mwanafunzi anaonja wodi mbili, wiki moja huku, wiki moja kule. Nimeshaonja moja. Dada, niliandikiwa wodi ya watoto njiti.

Naogopa kukueleza, lakini nisipokueleza wewe nitamweleza nani. Wapo watoto pale wa kutosha kiganjani. Wanalala kwenye visanduku vya kioo vyenye joto, na ukitaka kumgeuza mmoja unaingiza mikono kwenye matundu mawili kama mtu anayeiba mayai. Unakumbuka mlivyonicheka kwa mikono yangu hii, kwamba haiwezi hata kukamua shuka? Sista msimamizi aliitazama akasema, "Hii nani aliificha? Njoo hapa." Akanipa nimpitishie mtoto maziwa kwa mpira, tone kwa tone. Sikutetemeka. Mimi, ambaye glasi zote za nyumbani nilizivunja mimi.

Halafu wakaniambia nimfungue mama yake kanga kifuani, nimlaze mtoto ngozi kwa ngozi. Mama mwenyewe mdogo kuliko mimi. Akaniuliza, "Nisipumue?" Nikamwambia, "Pumua tu, ndicho anachofuata."

Dada, nataka wodi hiyo. Basi, nimesema. Huko kwetu njiti hawana wodi, maana yake nitabaki huku. Najua maana yake kwako. Ninapowaza kiharusi kifua kinabana kana kwamba mtu amefunga dirisha kwa nje. Nimekimbia kitanda kimoja cha Mama, nitaingiaje kwenye chumba kilichojaa vitanda vyake?

Usinikasirikie kabla hujamaliza kusoma. Wiki ya pili nimeomba wodi ya kiharusi. Nitaonja.

Mdogo wako,
Chiriku

*

Nyumbani,
Jumatatu, 17 Februari

Chiriku,

Hatujambo, na wewe tunakuombea hivyohivyo. Jino la Kijiti limechomoza. Amani imerudi kiasi.

Sijakukasirikia. Nilikasirika kidogo, nikafua nepi, ikapungua.

Mikono yako nimefurahi nayo, nasema kweli. Lakini nawe sikia. Watoto wale wa kwenye kioo wana sista, wana daktari, wana mama zao wa kuwavulia kanga. Mama yetu ana mimi. Mgongo wangu asubuhi haunyooki mpaka niushike kwa mikono miwili. Juzi nilimgeuza Mama huku Bonge amening'ang'ania mguu na Kijiti yuko mgongoni, tukawa kama gari lililopakia kupita kiasi, nikasema tukianguka leo tunaanguka familia nzima. Mama akanitazama. Akasema nini? Unajua alichosema.

Unasema kifua kinakubana kwa kuwaza. Mimi siwazi, mimi nimo ndani. Mlango wa nyumba hii uko wazi kutwa nzima na siwezi kuutoka hata mpaka dukani, lazima nimsimamishe jirani kwanza mlangoni kama askari. Wewe umefungiwa dirisha. Mimi mlango uko wazi na ninatazama watu wanapita.

Onja hiyo wiki. Kisha uandike jina la wodi ukimfikiria anayekuita. Mtu akiitwa na mamake anaitika, Chiriku. Tulifundishwa sote.

Dada yako anayekupenda, na hilo lisikupunguzie kazi

*

Hosteli,
Jumapili, 2 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Habari za mgongo? Lala chali sakafuni kidogo wakati pacha wanalala, weka mto chini ya magoti. Ninajua utacheka, utasema wakati pacha wanalala ndiyo unapika. Lala hata kama wali utaungua.

Nimeingia wodi ya kiharusi. Dada, ni chumba kirefu chenye madirisha ya juu, mwanga unaingia lakini huoni nje. Tunageuza wagonjwa kwa zamu. Ukimaliza kitanda cha mwisho, cha kwanza kinakungoja. Hakuna kumaliza. Jamaa zao wanakaa pembeni wakishika mikono isiyowashika. Kila bibi ninayemnyanyua ana uzito wa Mama, na mimi moyoni nasema, hii ndiyo kazi dada anafanya peke yake, bila mwenzake wa kumsaidia upande wa pili. Nikaona aibu ya barua yangu ya kwanza.

Kuna mzee mmoja alikuwa fundi cherehani. Yeye neno lake ni "Jumamosi". Ukimwamkia, Jumamosi. Ukimchoma sindano, "Jumamosi!" kwa hasira kama tusi. Mkewe anakuja na kikapu, anamwambia, "Haya mume wangu, Jumamosi na kwako pia." Wodi nzima inacheka, naye mzee anacheka. Mchekaji mzuri kwelikweli. Mimi sikucheka sana, nilikuwa nahesabu vitanda vilivyobaki.

Nadhani nitaandika kiharusi. Nimeshajaribu kuliandika pembeni ya daftari nione linavyokaa. Linakaa. Sijui kama mtu huzoea. Wewe ulizoea?

Mdogo wako,
Chiriku

*

Hosteli,
Ijumaa, 14 Machi

Dada,

Shikamoo. Sijapata jibu lako, na dereva wa dawa anasema ulimpungia mkono tu mlangoni. Nikaomba waniongeze wiki nyingine wodini kwa fundi cherehani. Tafadhali kaa chini kabla ya kuendelea kusoma. Pacha mpe jirani.

Jana mke wa fundi alichelewa. Mzee akaanza, "Jumamosi, Jumamosi," anatazama mguu wake. Nikamwambia kwa sauti nzuri, kama wewe unavyomwambia Mama, "Leo ni Alhamisi, baba. Jumamosi bado." Akapiga kitanda. Dada, akapiga kitanda kwa mkono mzima, pa, pa, pa. Nikahisi niko nyumbani.

Sista wa wodi akaja, hakuniuliza kitu. Akafunua shuka. Kisigino cha mzee kilikuwa kimebanwa na chuma cha kitanda, kimeshakuwa chekundu. Akakitoa, akamwambia, "Pole baba, huyu ni mgeni." Kisha akanigeukia. "Wewe unajibu neno. Usijibu neno. Neno limemkwamia, ndilo pekee linalotoka. Anataka maji, anasema hilo. Anasikia maumivu, hilo. Anakupenda, hilohilo. Wewe tazama macho yake yako wapi."

Nikamuuliza, neno lilitoka wapi? Akasema hakuna ajuaye kwa hakika, pengine ndilo lililokuwa mdomoni wakati anaanguka. Mkewe alipofika nikamuuliza. Akasema, "Tulikuwa tunagombana kuhusu harusi ya Jumamosi."

Nikauliza tena, Dada: na kama neno lenyewe ni jina la mtu?

Sista akasema, "Hata jina la mtu."

Kumbuka siku ile. Nilikuwa natoka kuja chuo, mkoba begani, nimesahau sweta. Mama alisimama mlangoni na sweta langu ananiita nirudi. Alikuwa anaita jina langu alipoanguka.

Hasemi anamtaka Chiriku. Anakwambia wewe. Mwaka mzima anakuita wewe, kwa jina pekee alilo nalo, na wewe unamwambia hayupo.

Nimeandika sentensi hiyo nikaikata, nikaiandika tena. Najua inavyosikika. Inasikika kama mwanafunzi aliyetafuta njia ya kukwepa akaipata wodini. Ningeweza kunyamaza, nikaja, tukaishi na uongo ule. Lakini usingekuwa umeitwa hata siku moja.

Jaribu. Akiita, usitazame barabarani. Tazama macho yake.

Mdogo wako,
Chiriku

*

Hosteli,
Ijumaa, 28 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Natumai kimya chenu ni cha uzima.

Dereva amepita, hana kitu changu. Nilimsihi atazame hata chini ya kiti.

Leo ndiyo siku. Mwalimu alikuwa anazunguka mezani akichukua majina ya wodi, na mimi nilikuwa wa mwisho kukaa na kalamu mkononi. Nilikusubiri mpaka aliponisimamia kichwani. "Binti, hospitali haikusubiri." Nikaandika njiti.

Halibadiliki tena. Sijafurahi kama nilivyodhani. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi na wenzangu wakanipigia makofi.

Nitukane, lakini uandike.

Mdogo wako

*

Nyumbani,
Jumatano, 9 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu zako zimefika zote, na za pacha kwako ni alama hizi za vidole pembeni, si uchafu, ni uji. Tu wazima. Usihangaike tena kupekua gari la mtu.

Barua yako ya fundi cherehani niliisoma nikaichana. Nikasema, tazama, Chiriku amesoma mpaka amejua kukwepa kitaalamu. Nilitaka kukuandikia maneno ambayo usingeyasahau, nikashika kalamu, Bonge akamwaga chai juu ya karatasi. Mshukuru mwanao huyo, nina hakika alitumwa.

Nikaendelea kama kawaida. Hayupo Mama. Yuko masomoni Mama. Lakini ulikuwa umeniharibia. Kila nikisema "hayupo" nilikuwa nasikia ujinga wangu.

Basi siku moja nilikuwa uani nafua, mikono imo kwenye povu. Mama akaita kutoka ndani, "Chiriku!" Kwa nguvu, kama zamani alivyokuwa akituita kutoka dukani. Nilikuwa mbali kimawazo, nadhani nilimwaza shemeji yako. Mdomo ukaitika wenyewe: "Abee, Mama!"

Sikusikia kitanda kikipigwa. Kimya hicho ndicho kilichonishtua. Nikaingia mbio na povu langu. Mama hakuwa anatazama dirishani. Sijui kwa nini siku zote nilijiambia anatazama dirishani. Alikuwa anatazama mezani. Kijiti alikuwa ameshika ncha ya kitambaa cha meza, anavuta, na juu ya kitambaa kuna chupa ya chai ambayo sikuwa nimeifunga kifuniko.

Nilimdaka. Hakuungua, usipige kelele. Nilikaa naye sakafuni, ninamshika hapa, ninamshika pale, ninatafuta jeraha ambalo halipo. Mama juu yetu, machozi yanamtoka kwa jicho moja. "Chiriku, Chiriku, Chiriku."

Nikamuuliza, "Mama, mimi ni nani?"

Akanitazama kama mtu aliyechelewa kuulizwa. "Chiriku."

Nikasema, "Abee."

Sasa nikuambie kitu, wewe msomi. Ulidhani unanifungulia. Mimi matumaini yangu yote ya kutoka humu yalikuwa kwamba hanitaki mimi. Nilijua nikikuleta wewe nitaondoka mikono mitupu, moyo mweupe, kwa sababu nilikuwa nashika nafasi ya mtu. Sasa najua nafasi ni yangu. Nitaondokaje? Kitanda ni kilekile, mlango ni uleule, jirani bado namsimamisha kama askari. Nikikumbuka kila aliponiita nikamjibu kwamba hayupo, sijui alikuwa anataka nini. Maji? Kugeuzwa? Au alikuwa anasema ahsante? Hayo siyajui na hayatajulikana, naenda nayo kila ninapomlisha.

Shemeji yako nimempelekea ujumbe: tutakuja wanne au hatuji. Mama haungoji tena mlango wa nyumba hii, kwa hiyo anaweza kubebwa. Chumba cha shemeji yako ni kimoja, na amepanga kwa mwenye nyumba asiyetaka hata paka. Hajajibu. Mtu aliyepeleka anasema aliusoma, akaukunja, akautia mfukoni. Mfukoni ni afadhali kuliko kutupa, au vipi? Nasubiri. Safari hii anayesubiri ni mimi.

Kuhusu njiti. Uliandika bila jibu langu, na iliniuma, usije ukanibembeleza. Ningekuwa na nafasi siku hiyo ningekuambia uandike kiharusi, nasema ukweli wangu. Leo nisingesema hivyo. Washike watoto hao kwa mikono yako midogo, ushike vizuri, na yule mama mdogo kuliko wewe mwambie nimemsalimu.

Lakini likizo yako ni yangu. Yote. Hutakwenda kwa marafiki, hutapumzika, hutaniambia miguu inakuuma. Utakuja umgeuze Mama upande wa kulia na mimi upande wa kushoto, na nitatembea mpaka dukani peke yangu, polepole, nikiulizia bei za vitu nisivyonunua.

Na akiita, usikimbie kuitika. Nakujua, wewe jina hilo umelizoea, utafika kabla yangu. Simama. Mimi ndiye ninayeitika hapa siku hizi.

Nimeona barua yako ya mwisho hukuweka jina. Umefanya vizuri kuliacha wazi.

Dada yako,
Chiriku